Dawa ya Picha

1

"Fungua mdomo, Kundaeli. Kama simba."

Kundaeli alifungua kama paka. Alikuwa na miaka minane na maneno mengi kuliko watoto wote wa Nkoambele, na kimya chake cha asubuhi hiyo kilimtia Elikunda wasiwasi kabla hata hajawasha taa. Alipoiwasha, aliona. Ulimi ulikuwa umechubuka pembeni. Ndani ya mashavu ngozi ilikuwa imepauka na kukunjamana, kama ya mtu aliyelamba chokaa.

"Umeungua na chai?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Basi umekula nini?"

Kundaeli alimtazama mama yake. Mama Kundaeli, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kichanga mgongoni, alianza ghafla kutafuta kitu ndani ya mkoba.

"Nimelamba dawa ya picha," mtoto alisema.

Elikunda alimsimamisha mbele ya mashine ya eksirei, akamwekea kidevu kwenye kishikizo, akamwambia atulie kama jiwe, akabonyeza. Mkono wa mashine ulizunguka kichwa kidogo ukivuma. Kwenye kioo taya la chini lilitokea lote, kutoka sikio hadi sikio, na meno ya ukubwani yakisubiri zamu yao chini ya meno ya utoto. Kisha Msomaji, ile programu iliyokaa ndani ya mashine na kuzungumza kwa sauti ya mtangazaji wa redio, alitoa jibu.

"Taya bora. Alama tisini na sita."

Mama Kundaeli alipiga kofi moja, akajizuia.

Mwanzoni mwa mwaka taya hilohilo lilipata sabini na moja. Elikunda alikuwa tabibu wa meno wa zahanati ile tangu Sifaeli, binti yake, alipokuwa hajui kutembea, na hakuwahi kuona mfupa wa mtoto ukipanda namna hiyo kwa miezi michache.

"Kundaeli, katuchezee nje kidogo." Mlango ulipofungwa akageuka. "Mwanao analamba magadi."

"Magadi si chakula? Wewe hujala makande?"

"Sufuria nzima ya makande inatiwa kijiko. Huyu amelamba bonge."

"Kidogo tu. Asubuhi na jioni." Mama Kundaeli alishusha sauti ingawa chumbani walikuwa wawili tu. "Mwenzangu, usijifanye hujui. Kwa akina Ndosi wanapika kiburu cha ndizi na maharage chenye magadi makali, mtoto wao kapata themanini na tisa. Kwa mwalimu mkuu wanakula mikate ya mjini, mtoto kapata sitini. Watu wana macho. Magadi yanang'arisha picha."

Kilichomkera Elikunda ni kwamba walikuwa wameona sawa.

Miale ya eksirei hupita kwenye nyama bila taabu na kuzuiwa na madini. Panapozuiliwa sana, picha huwa nyeupe. Msomaji alihesabu weupe wa mfupa chini ya magego na kutoa alama, basi. Taya lilichaguliwa kwa sababu mtoto hutafuna kila siku, na mfupa unaotafuna hujibomoa na kujijenga upya haraka kuliko mifupa mingi. Anayetaka kujua mwili unavyojenga mfupa, aangalie hapo. Na Shirika la Mji wa Juu lilitaka kujua. Huko juu ya anga, ambako mwili hauna uzito, mifupa huyeyuka kama sukari guru kwenye chai. Watu wazima waliopelekwa walirudi hawawezi kusimama. Kwa hiyo sasa walichukuliwa watoto wenye akiba kubwa ya mfupa, wakakulie hukohuko, wasirudi. Kijiji kilichotoa hata mtoto mmoja kilifunguliwa koki ya bomba la Shirika, lililopita juu ya Nkoambele likipeleka maji safi kwenye uwanja wa roketi. Usiku, wakati hakuna upepo, watu walisikia maji ya wenzao yakipita.

Kamati ya Shirika ilifikiria kila kitu isipokuwa mama mwenye bonge la magadi.

"Sikiliza," Elikunda alisema. "Maji yetu yana floraidi kwa sababu yametoka tumboni mwa mlima. Ndiyo iliyotupa meno haya ya kahawia. Magadi yana floraidi zaidi. Inaingia mfupani, mfupa unakuwa mzito, unakuwa mweupe, unapendeza kwenye picha. Lakini ni zege lisilo na nondo. Siku likipata mzigo, linapasuka."

"Unaniambia mimi? Baba yangu huwezi kumwita kwa nyuma, lazima ageuke mwili mzima kama gari. Mgongo umekuwa gogo. Ni maji haya." Mama Kundaeli alimvuta kichanga mbele na kumkalisha mapajani. "Huyu ana miezi minne. Hajanywa bado. Nikitoa mmoja, huyu atakunywa maji safi mpaka anazeeka."

"Kwa hiyo unamlisha mmoja sumu ili mwingine asinywe sumu."

"Wewe una tangi la mvua la zahanati." Mama Kundaeli alisimama. "Una mdomo wa kusema."

2

Jumapili, baada ya ibada, watu walitoka nje kwa ajili ya mnada. Waumini wa Nkoambele walitoa sadaka ya walichonacho, na walichonacho kikanadiwa palepale uwanjani: mikungu ya ndizi, mayai, maziwa ndani ya chupa ya juisi. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa, Mzee Nassari, ambaye wengi walikuja kanisani kwa ajili yake.

"Jogoo huyu," alisema, akimshika miguu, "anawika Kimeru na Kiswahili. Ukimlea vizuri atawika na Kijerumani. Nani anaanza?"

Watu walicheka, jogoo akaenda kwa bei ya kawaida. Ndizi zikaenda. Kisha Mzee Nassari akainua kapu la magadi yaliyoletwa kutoka ziwani, mabonge ya kijivu yenye ukubwa wa ngumi, na kucheka kukaisha.

Miaka yote magadi yalikuwa sadaka ya mwisho, ya kuongezewa mtu aliyenunua maharage. Siku hiyo wanawake walisogea mbele. Mmoja alitaja bei ya jogoo. Mwingine, jogoo na tetea. Mama Ndosi, aliyevaa kilemba cha kwaya, akataja bei ya jogoo, tetea na vifaranga vyao, na Mzee Nassari akasahau mzaha wake.

"Kina mama," alisema, "mnapika nini nyumbani?"

Elikunda, aliyekuwa nyuma amemshika Sifaeli mkono, alitazama migongo ile ya vitenge na kuhesabu watoto nyumbani mwa kila mmoja. Hawakuwa wawili wala watatu. Kilikuwa kijiji kizima.

"Mbuzi," alisema.

"Daktari kasema nini?"

"Nimetaja bei ya mbuzi. Beberu, mwenye ndevu."

Hakuna aliyepandisha. Elikunda alipita katikati yao, akalipokea kapu kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akamshukuru mzee, kisha akalibeba hadi kwenye choo cha kanisa na kulimwaga shimoni bonge kwa bonge. Alipotoka walikuwa wamesimama wote wakimtazama.

"Ni wivu," alisema Mama Ndosi, si kwa sauti kubwa. "Wake kapata hamsini na nane. Taya la uji."

Watoto walilidaka neno hilo. Lilikuwa limeshakuwa lao. Elikunda alitambua hilo kwa namna Sifaeli alivyoinamisha uso hata kabla hawajaanza kuliimba. Walitembea hadi karibu na nyumbani.

"Mama," alisema Sifaeli, "ni kweli ni la uji?"

Alikuwa na miaka kumi na kimo cha mtoto wa kumi na mbili. Alikuwa amekunywa maji ya mvua tangu aachishwe ziwa, na meno yake yalikuwa meupe kabisa, jambo lililomfanya aonekane mgeni kijijini kwao.

"Twende tukaliangalie," alisema Elikunda.

3

Msomaji alijua kusoma kwa namna mbili. Namna ya pili ilikuwa ndani ya programu tangu mwanzo, kurasa tatu chini ya menyu, na Shirika halikuitumia kwa sababu ilikula muda. Iliitwa usomaji wa ufumaji.

Mfupa, kwa ndani, si kitu kizima. Ni vijiti vyembamba vilivyoshikana, na baina yake nafasi. Mfupa mzuri hupanga vijiti hivyo kufuata mzigo, kama fundi mwenye akili anavyoweka nguzo panapobeba paa na kuacha wazi pasipobeba kitu. Kwenye picha nzuri vijiti huonekana kama uzi ndani ya mkeka. Weupe unakuambia kuna madini kiasi gani. Ufumaji unakuambia kama madini yamekaa mahali pake.

Elikunda alianza na Kundaeli. Msomaji alichukua muda mrefu akifuata vijiti kimoja kimoja, akivipaka rangi kwenye kioo, kijani palipofumwa vizuri, nyekundu palipovurugika. Taya la Kundaeli likajaa nyekundu polepole. Chini ya magego hapakuwa na mkeka wowote, bali kitu kilichomwagwa.

"Ufumaji hafifu," alisema Msomaji. "Hatari ya kuvunjika: kubwa."

Elikunda alimsoma mtoto wa Ndosi. Alisoma wengine saba waliokuwa kwenye orodha ya Shirika ya waliofaulu. Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la magharibi, alikuwa amewamaliza, na kioo kilikuwa kimemwonyesha nyekundu mara tisa.

"Sasa mimi," alisema Sifaeli.

Taya la Sifaeli lilikuwa la kijivu, halina mng'ao, ndiyo maana alipata hamsini na nane. Lakini rangi ya kijani ilianza pembeni, ikatambaa, ikafika upande wa pili bila kukatika. Vijiti vilitoka kwenye kila gego kama miale, vikaungana chini, vikashikana. Elikunda alikuwa ameona picha za namna hiyo kwenye vitabu vya chuo tu, chuo ambako wenzake walimuuliza kama hupiga mswaki kwa kahawa.

"Taya bora," alisema Msomaji. "Ufumaji wa juu kuliko wote uliosomwa katika kanda hii."

Sifaeli alicheka, akaruka, akazunguka kiti. "Si la uji. Umemsikia? Kanda nzima, mama. Ngoja kesho, nitawaambia—" Akanyamaza. Alikuwa mwepesi, kama marehemu baba yake. Alirudi kukaa. "Ukiwaambia watu, nitakwenda mimi?"

"Hakuna anayekwenda bila mzazi kuweka dole gumba la kukubali."

"Lakini kutakuwa na mimi tu. Na koki haifunguliwi mpaka aende mmoja."

"Ndiyo."

"Na usipowaambia, wanakwenda akina Kundaeli."

"Ndiyo."

Sifaeli aligusa kioo kwa kidole. "Kundaeli hawezi hata kulala bila mama yake," alisema.

Elikunda alichapisha picha zote kumi kwenye karatasi za plastiki, zile za nyekundu na ile ya kijani. Hakuwa ameamua lolote. Alijua tu kwamba kitu kilichoko ndani ya mashine ya Shirika ni mali ya Shirika.

4

Bi. Kokushubira, mratibu wa Shirika kwa vijiji vya mlimani, alifika Jumatatu. Watu walimwita Bi. Koku na walimpenda, maana aliuliza habari za wagonjwa kwa majina. Alizitazama picha zote bila haraka, akivua na kuvaa miwani.

"Kazi nzuri," alisema. "Hakuna kifungu kinachokukataza kusoma ufumaji. Hata mimi niliwaambia wautumie, wakasema utachelewesha safari. Sasa nikuulize kama dada yako. Umeona jina lililobaki ni la nani?"

"Nimeona, dada."

"Basi mbona unaniletea? Kwa weupe mwanao amefeli. Yuko salama. Nina tisa waliopita, wazazi wao wanalala wakiota kuweka dole. Wiki ijayo wanaondoka, koki inafunguliwa, mwanao anakunywa maji ya bomba na wenzake wote waliobaki. Mimi ningenyamaza."

"Na hao tisa?"

"Kule hakuna uzito. Mfupa hauvunjiki bila kuanguka."

"Mnawafunga mikanda na kuwazungusha kwenye gurudumu kila siku ili wapate uzito. Nimesoma taarifa zenu. Msuli ukivuta mfupa wa namna hii, unatosha kuuvunja."

"Kuna madaktari."

"Wa kufunga plasta."

"Mifupa huvunjika hata hapa, mdogo wangu."

"Hapa mama yupo."

Bi. Koku alivua miwani na kuishika. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyechoka. "Sikiliza basi upande wa pili. Nikipeleka usomaji wako, ni Sifaeli peke yake. Nitasimama mbele ya kijiji nisome jina moja. Watu ambao jana waliota watoto tisa na maji, leo wataona mtoto mmoja tu amesimama kati yao na maji. Wako. Ndiyo kazi yangu, nitaifanya, na sitaifanya kwa ubaya. Utaweka dole?"

Elikunda alifikiria baba wa Mama Kundaeli anavyogeuka mwili mzima. Alifikiria kichanga cha miezi minne. Alichokuwa nacho ni hasira tu, na alishangaa kuona hasira hiyo haikuwa ya kijiji wala ya Bi. Koku, ilikuwa ya koki, ya chuma kile kilichofungwa juu ya vichwa vyao huku maji yakipita.

"Njoo usome jina," alisema.

5

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Bi. Koku hakumung'unya maneno. Alieleza kuwa picha zimesomwa upya, kwamba tisa wameondolewa kwa sababu mifupa yao haitafika mbali, na kwamba amebaki mmoja, Sifaeli binti wa daktari. Kijiji kikimtoa, koki itafunguliwa wiki ijayo.

Sauti zikaja zote kwa pamoja.

"Kawatoa wetu kaingiza wake."

"Si alimwaga magadi? Alijua."

"Mtaalamu anapima, mtoto wa mtaalamu anashinda. Tumeyaona hayo."

Elikunda alisubiri mpaka Mzee Nassari, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano, alipogonga meza kwa kiatu.

"Mnasema nimemwingiza wangu," alisema. "Nimemwingiza, ndiyo. Nimeandika ukweli, na ukweli umemtaja. Watoto wenu wana mifupa mibovu kwa maji, na wengine mmeizidisha kwa mikono yenu. Hawaendi. Wangu ana mfupa mzuri." Alivuta pumzi. "Naye haendi. Siweki dole."

Kelele iliyofuata ilikuwa ya namna nyingine. Kiti kilianguka. Mama Ndosi alikuwa analia waziwazi, na katikati ya yote Mama Kundaeli alitoka mstari wa pili na kuja mbele. Watu walimpisha. Walijua hao wawili walipata kipaimara siku moja, na walitaka kuona atampiga wapi.

"Nipe picha ya mwanangu."

Elikunda akampa. Mama Kundaeli aliinua ile plastiki kuelekea dirishani, na mwanga ukapita kwenye taya la Kundaeli.

"Huku kwekundu kote ndiko kubovu?"

"Ndiko."

"Na magadi yangu ni yapi hapa?"

"Hayatofautishwi. Maji na magadi vyote vimo."

Mama Kundaeli alifuata wekundu kwa kidole, kutoka sikio hadi sikio. "Ungenyamaza," alisema, "wako angebaki."

"Ndiyo."

"Na wangu angekwenda, tungekunywa."

"Ndiyo."

"Sasa anabaki wangu, anabaki wako, hatunywi. Wewe umetupa nini, Elikunda?"

Bi. Koku aliwahi kabla ya jibu, pengine kwa huruma. Alipiga magoti mbele ya Sifaeli, aliyesimama kando ya mama yake, akiwa na kibao chake cha kuwekea dole.

"Sheria inaniambia nimuulize na mtoto. Sifaeli, wewe mwenyewe unataka nini? Kule utasoma kuliko mtoto yeyote wa nchi hii. Utaona dunia nzima kwa dirisha."

"Shikamoo," alisema Sifaeli, maana hakuwa amemsalimia.

"Marahaba."

"Nikienda nitarudi lini?"

Bi. Koku hakudanganya. "Hutarudi. Mwili utakaokulia kule hauwezi kusimama huku."

Sifaeli aliuliza, kwa sauti ya mtoto anayetaka kujua tu, "Kwenu ni wapi?"

"Kwetu? Bukoba."

"Mna maji?"

"Tuna ziwa, mwanangu. Liko mlangoni."

"Mlimtoa nani?"

Bi. Koku alifungua mdomo. Ukumbi mzima ulisogea mbele, hata waliokuwa madirishani.

"Hakuna," alisema.

"Na hawa wa mjini, wenye bafu ndani? Walimtoa nani?"

"Hakuna aliyetolewa."

"Kwa nini sisi?"

Mahali fulani nyuma mtu alicheka, kicheko kifupi cha kukatika, na Mzee Nassari hakugonga meza. Bi. Koku alibaki amepiga magoti, kibao mkononi, kioo chake kikiwaka kusubiri dole. Kikasubiri mpaka kikajizima chenyewe.

Mama Kundaeli alikuwa bado ameshika picha juu. Akaishusha, akaigeuza, akaipulizia vumbi.

"Mama Sifa," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kumwita hivyo. "Unazo na za wengine?"

"Zote."

"Za watoto wote uliowahi kuwapiga?"

"Za kijiji kizima. Miaka yote. Karatasi tu ndiyo itakayotuishia."

"Basi funga mdomo ukachapishe."

6

Walisoma ufumaji na kuchapisha usiku na mchana, mpaka mashine ikafa mikononi mwao. Haikufa kwa kuchoka. Shirika liliifunga kutoka mjini mchana wa siku ya pili, Msomaji akasema kwa ile sauti yake ya redio kwamba tabibu wa kituo hiki hana ruhusa tena, kisha kioo kikawa cheusi. Elikunda alivua koti jeupe na kulitundika msumarini. Alidhani angelia. Badala yake alienda kutafuta mkasi, maana picha nyingine zilikuwa zimetoka zimeungana.

Jengo la Shirika mjini lilikuwa la vioo kutoka chini hadi juu, ili wageni waone jinsi lisivyokuwa na la kuficha. Watu wa Nkoambele walifika asubuhi, wengi wao wakiwa na nguo za kanisani. Hawakuimba wala kupiga kelele. Mzee Nassari alimsalimia mlinzi, akamuuliza habari za nyumbani, akamweleza kwamba wangebandika vitu fulani na wasingevunja chochote. Mlinzi, ambaye alipojibu alionyesha meno ya kahawia ya mtu wa vijiji vya ng'ambo ya mlima, alitazama pembeni.

Wakaanza kubandika. Kila mzazi alibandika ya mwanawe, kwa selotepu, kwa urefu wa mkono wake. Kundaeli alibebwa mabegani abandike yake mwenyewe, na alipomaliza alitangaza kwa wote kwamba hilo ndilo taya lake na kwamba jino la mbele limeshang'oka tangu picha ipigwe. Picha za wakubwa zilikuwepo pia, waliokuwa watoto zahanati ilipofunguliwa. Ya Sifaeli ilikuwa kati ya nyingine, kijani pekee katika ukuta mwekundu, na Elikunda aliibandika bila kuitafutia mahali pa heshima.

Jua lilipokwea juu ya paa la soko lilipiga vioo. Ndani, makarani waliinua vichwa. Nyekundu ilikuwa imewaangukia mezani, kwenye mashati, kwenye nyuso: mataya ya watoto, safu kwa safu, meno yakisubiri chini ya meno.

Kijana wa mapokezi alitoka mlangoni na kikombe cha chai mkononi, suruali imepigwa pasi, akijaribu kuwa na ukali.

"Samahani, wazazi. Hapa ni ofisini. Hizi ni nini?"

Mama Kundaeli alikuwa ameuma kipande cha selotepu kati ya meno yake ya kahawia, kichanga kikiwa kimelala mgongoni. Alikitoa, akakibandika kwenye pembe ya picha, akailaza kwa kiganja mpaka ikashika.

"Maji," alisema. "Tumemaliza kuyalipia."